Kona ya Mdadisi: bambo, kufuli na fungu la nyanya

Barua za mwezi huu ni nyingi, na mbili kati yake zimeandikwa kwa hasira. Hazinisumbui. Nimetembea na dodoso mkononi miaka 26, kwanza mdadisi, yaani mhoji wa kaya kwenye tafiti za takwimu, kisha msimamizi. Nimekimbizwa na mbwa Sengerema, nimekaribishwa senene Muleba, na kila mkoa niliofika nimeitwa mtu wa kodi. Hasira ya kwenye karatasi ni nyepesi. Nimechagua sita, zilizobaki zisubiri goti langu lipone.

Shikamoo Mama Mdadisi. Nina miaka 44, nimezaliwa na kukulia hapa hapa, na sijawahi kuona mtu akija kuniuliza nakula nini wala napata nini. Halafu tunatangaziwa kwamba asilimia 26.4 ya Watanzania ni maskini wa mahitaji ya msingi. Walimuuliza nani? – Mfanyabiashara wa mahindi, Kibaigwa

Marahaba. Swali hili nilitegemea litoke kokote isipokuwa Kibaigwa, maana jibu lake unalo ghalani.

Lori likiingia sokoni na magunia 200 huyamwagi yote chini. Unachukua bambo, unachoma gunia moja juu, jingine ubavuni, jingine chini karibu na mshono. Punje zinateremka kiganjani, unaziangalia: zimebunguliwa? Zina unyevu? Wamechanganya na za mwaka jana? Ukishachoma magunia ya kutosha unalijua lori zima na unataja bei. Gunia ambalo hukulichoma halilalamiki kwamba halikuulizwa.

Ila unajua pia bambo linavyodanganywa. Muuzaji mjanja hupanga mazuri nyuma, pale mlango wa lori unapofungukia. Ukichoma yaliyo karibu na mkono wako, umeliwa. Na sisi tungehoji kaya zilizo kando ya lami tu, au zile anazotuonyesha mwenyekiti (na mwenyekiti ana shemeji wengi), tungeliwa vilevile. Kwa hiyo nchi inagawanywa kwanza kwenye maeneo ya kuhesabia watu yaliyochorwa wakati wa sensa. Maeneo machache yanachaguliwa kwa bahati, mijini na vijijini kila upande kwa hesabu yake. Tukifika eneo lililochaguliwa tunaorodhesha kila kaya, hata ya yule anayelala kwenye kibanda cha mlinzi, kisha tunachagua kwa kuruka: ya 5, ya 17, ya 29. Mdadisi haruhusiwi kubadilisha hata kama ya 29 iko mlimani na mvua inanyesha.

Hiyo asilimia 26.4 ilitoka kwenye Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18, uliohoji kaya zaidi ya 9,000. Maskini aliyehesabiwa hapo ni mtu ambaye matumizi yake, kwa kiwango cha mtu mzima mmoja, hayakufika shilingi 49,320 kwa mwezi. Vijijini ilikuwa asilimia 31.3, mijini 15.8. Utasema kaya 9,000 ni tone katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilikuta ina watu 61,741,120. Lakini lori la magunia 2,000 halidai bambo mara kumi zaidi ya lori la magunia 200. Kinachohesabika ni umechoma mara ngapi na umechomaje. Kaya 1,000 zikichaguliwa kwa bahati tupu, jibu lao huwa haliachani na ukweli kwa zaidi ya pointi 3 za asilimia hivi, juu au chini, mara 19 kati ya 20. Ukitaka kosa hilo lipungue nusu, kaya lazima ziwe 4,000. Kosa lipungue nusu tena, 16,000. Hapo ndipo mafuta ya magari yanapoisha, na hapo ndipo wewe wa Kibaigwa unapofikisha miaka 44 bila kuulizwa.

Mama, mimi ni mama lishe hapa Mbagala. Nimechoka kusikia mfumuko wa bei ni asilimia 3. Asilimia 3 ya wapi? Mchele, mafuta, nyanya, vyote vimenishinda. Waje wanunue sokoni kwangu. – Mama lishe, Mbagala

Dada yangu, huenda wewe una haki na wao wana haki.

Kipimo hicho kinajengwa kwa kapu. Watu wa takwimu wanachukua vitu ambavyo kaya za nchi nzima hununua, kila kimoja wanakipa uzito kulingana na fedha inayokwenda huko, kisha wanafuatilia bei kila mwezi. Ndani ya kapu kuna mchele wako, na kuna kodi ya nyumba, nauli, simu, ada, fenicha, kulala hotelini. Katika kapu linalotumika sasa, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28 hivi. Sasa tuseme chakula kimepanda kwa asilimia 10 na vingine vyote kwa nusu asilimia. Hesabu ya taifa inatoka asilimia 3 na kidogo. Kwako wewe, ambaye katika kila shilingi 100 unazotoa 70 zinakwenda kwenye chakula, inatoka zaidi ya 7. Mtangazaji hakudanganya. Amesoma kapu ambalo si lako. Mimi ningependa redio zisome mfumuko wa chakula kwanza, kisha ule wa jumla, lakini sijaulizwa.

Kuhusu kuja kununua sokoni: wanakuja, na wanakuja na mizani. Hilo ndilo ninalolipenda katika kazi ya wakusanya bei. Nyanya za fungu ni shilingi 1,000 Januari, ni 1,000 Machi, ni 1,000 Mei. Bei haijasogea. Lakini Januari fungu lilikuwa na nyanya saba na moja ya juu kubwa kama ngumi, Mei zimebaki nne na ile ya juu imegeuzwa upande wa doa uangalie chini. Mkusanya bei asiyepima fungu ataandika "hakuna mabadiliko" na atakwenda zake. Ukimwona kijana anaweka fungu la mtu kwenye mizani bila kununua, usimtukane.

Shikamoo mama. Nimemaliza stashahada ya takwimu na nimepata kazi ya muda ya udadisi, kwenye utafiti unaofuatilia kaya zilizohojiwa miaka minne iliyopita. Kati ya kaya 14 nilizopewa, 3 zina kufuli mlangoni na majirani wanasema wamehama. Wenzangu wananiambia niingie nyumba ya pili, eti watu wa kijiji kimoja wanafanana. Siku zinakwisha. Nifanyeje? – Mdadisi mpya, Mpanda

Marahaba mwanangu. Usiingie nyumba ya pili. Kaa nikusimulie nilivyoingia mimi.

Nilikuwa mwaka wangu wa pili kazini, kijiji kimoja cha wavuvi, Ziwa Victoria. Orodha ilisema kaya namba 9: mkuu wa kaya mwanamke, mjane, watoto wanne. Nikakuta mlango wa mbao una kufuli lenye kutu, na kizingitini umeota mpapai unaonifika gotini. Mpapai ule ulinitosha kujua hawajatoka jana. Jirani alikuwa anaanika dagaa. Akaniambia, walihama zamani, sijui wapi. Ilikuwa saa kumi jioni, boti ya kuturudisha inaondoka saa kumi na moja. Yule jirani mcheshi, kanipa kigoda, kanipa maji. Ana bati jipya na mtumbwi wa mashine. Nikamhoji yeye, nikaandika namba 9 juu ya dodoso, nikawahi boti.

Wiki ya pili msimamizi wetu alikwenda kufanya uhakiki. Aliporudi hakupiga kelele. Aliweka dodoso mezani, akaweka kidole kwenye ukurasa wa mali za kaya, akaniuliza: "Mjane wa namba 9 amenunua lini mtumbwi?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Fikiria nilichokifanya. Kaya iliyokuwa miongoni mwa maskini zaidi pale kijijini nilikuwa nimeivisha bati na mashine ya boti kwa dakika hamsini. Mtu wa ofisini, asiyewahi kuuona mpapai ule, angeandika kwamba wajane wa ziwani wanapiga hatua. Tulimtafuta siku mbili. Tukampata kwa kaka yake, mji mwingine, anakaanga mandazi stendi. Alikuwa na habari nyingi kuliko kijiji kizima, na hakuna hata moja ambayo ingejulikana kwa yule mwenye dagaa.

Anayehama hafanani na anayebaki. Anahama kwa sababu amefiwa, amefilisika, ameolewa, amepata kazi, amegombana. Hayo ndiyo mambo tuliyotumwa kuyapima. Ukimfuta, umefuta utafiti.

Mfano mkubwa tunao hapa hapa nchini, na chuoni sijui kama waliwaambia. Mwaka 1991, UKIMWI ukiwa umeiumiza Kagera, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuhoji kaya zaidi ya 900 katika vijiji na mitaa 51 ya mkoa ule. Walitaka kujua kaya inakuwaje mtu mzima anapofariki. Wakawarudia mara kwa mara hadi 1994. Mwaka 2004 wakaja tena. Watoto wa 1991 sasa ni wazazi, wengine makonda wa mabasi, wengine wake za watu mbali. Wangeweza kuhoji waliobaki kijijini na kuandika ripoti nzuri tu. Badala yake waliwafuata, Mwanza, Dar es Salaam, hadi Uganda. Kaya zile 900 na ushee zilikuwa zimegawanyika na kuwa zaidi ya 2,700, na kati ya kaya za awali zaidi ya asilimia 90 walimpata angalau mtu mmoja wa kuongea naye. Mwaka 2010 wakarudia kazi ile ile.

Walichokikuta ndicho kinachonifanya nikwambie uache mlango wa jirani. Wachumi Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walilinganisha watu waliotoka nyumba moja, yaani mmoja kabaki, nduguye kaondoka. Kati ya 1991 na 2004, kuondoka kuliongeza pointi 36 za asilimia kwenye ukuaji wa matumizi ya mtu. Ndugu wa chungu kimoja! Wangebaki kijijini na madodoso yao, sehemu kubwa ya maendeleo ya watu wale wasingeiona, na umaskini ungeonekana haukupungua kama ulivyopungua.

Sasa kazi yako. Nenda shuleni, kwa mwalimu wa uhamisho: mtoto akihama, barua yake huandikwa inakokwenda. Nenda kanisani na msikitini. Mpigie kila mtu mwenye namba. Zaidi ya yote nenda duka lililokuwa linawakopesha, maana mwenye duka anayewadai hajawahi kusahau walikoelekea. Usipowapata kabisa, andika kwenye kishikwambi "hawakupatikana" na uandike ulikowatafuta. Wachambuzi wanajua la kufanya na nafasi tupu. Jirani aliyevishwa jina la mwingine hawamjui wala hawatamjua.

Na kama bosi wako anakusukuma ujaze tu, mwambie akuandikie hivyo kwa maandishi. Utaona anavyobadilisha mada.

Kijijini kwetu wanasema kipato cha wastani ni laki nane kwa mwezi. Mimi simjui hata mtu mmoja mwenye laki nane. – Msomaji, Geita

Humjui kwa sababu huenda hayupo. Kaya tisa zenye laki mbili mbili, na moja ya mwenye mashimo ya dhahabu yenye milioni sita na laki mbili: jumla milioni nane, gawa kwa kumi, laki nane. Wapange kwa mstari kuanzia wa chini, umuulize aliyesimama katikati. Atakwambia laki mbili.

Mama Mdadisi, mimi ni mjumbe wa kamati ya shule. Shirika moja lilituletea vitabu mwaka juzi, na mwaka huu ufaulu wa darasa la saba umepanda. Sasa wanataka kamati isaini barua kwamba vitabu vyao ndivyo vilivyopandisha ufaulu. Mwenyekiti anataka tusaini haraka ili waongeze na madawati. Mimi nasita. – Mjumbe, Magu

Sita hivyo hivyo. Kwanza nijibu mimi: mwaka juzi na mwaka huu, hakuna kingine kilichobadilika shuleni? Mwalimu mkuu ni yule yule? Uji wa mchana haukuanza? Na shule ya kata ya jirani isiyopata vitabu, ufaulu wake umekwenda wapi? Kama nao umepanda, vitabu vyenu vimefanya miujiza ya kuruka mpaka wa kata.

Jambo hili lilijaribiwa Kenya, magharibi, huko Busia na jirani zake, miaka ya 1990. Mchumi Michael Kremer na wenzake walichukua shule 100, wakachagua 25 za kupewa vitabu kwanza, na nyingine zikasubiri. Kwa kuwa uchaguzi haukufuata ubora wa shule, makundi hayo yalikuwa yanafanana mwanzoni, kwa hiyo tofauti ya baadaye ingetokana na vitabu. Kila mtu alijua jibu kabla ya kuanza, mimi ningekuwepo ningeweka dau. Wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza darasani. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa wengi wa watoto wale hiyo ilikuwa lugha ya tatu. Kitabu mkononi, macho yanatembea juu ya maneno, basi.

Huko huko Busia, kuanzia 1998, Kremer na Edward Miguel wakajaribu dawa za minyoo katika shule 75, makundi matatu ya 25, kila kundi likingoja zamu yake. Utoro ulipungua kwa robo. Alama za mitihani hazikusogea. Mwaka 2015 watafiti wengine waliichambua upya data ile ile na ubishi ukawaka, hasa kuhusu faida iliyowafikia watoto wa shule jirani ambazo hazikupewa dawa. Mimi naona ubishi wenyewe ni heshima: data iliwekwa wazi, watu wakagombana kwa hesabu. Kremer, Abhijit Banerjee na Esther Duflo walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa kazi za aina hii.

Utaniuliza, si ukatili kuwaacha wengine wasubiri? Nimeulizwa hivyo na wazazi uso kwa uso. Kama vitabu vinatosha shule 25 kati ya 100, 75 zitasubiri tu. Kilichobaki ni kuchagua kama zitasubiri kwa bahati nasibu au kwa sababu diwani wao hana simu ya mkurugenzi.

Halafu usiyachukue ya Busia ukayabandika Magu. Watoto wenu wa msingi wanasoma kwa Kiswahili, huenda vitabu vimewasaidia kweli. Hamjui, na shirika nalo halijui. Andikeni barua mbili. Ya kwanza isaini: vitabu vimefika, idadi kadhaa, tarehe kadhaa, vinatumika, ahsanteni. Ya pili waombe madawati. Sentensi ya "ndivyo vilivyopandisha" iacheni nje. Shirika lenye akili litaleta madawati hivyo hivyo.

Shikamoo. Sensa ya 2022 karani alimwandika bibi yangu miaka 80. Bibi mwenyewe hajui mwaka aliozaliwa. Karani aliitoa wapi hiyo 80? – Mjukuu, Newala

Marahaba mjukuu. Aliitoa wanakoitoa makarani wengi wakichoka: kichwani mwake. Ukichora umri wa watu wa nchi nyingi za kwetu unaona nguzo ndefu kwenye 30, 40, 50, 60, vinguzo kwenye 35 na 45, na kwenye 41 au 59 shimo, kama vile miaka hiyo watu hawakuzaliwa. Watakwimu wana kipimo chake, fahirisi ya Whipple. Ikiwa 100, watu wanataja umri wao bila kupendelea tarakimu. Ikiwa 500, kila mtu umri wake unaishia na 0 au 5. Si mchezo wa namba. Zanzibar, kwa mfano, tangu 2016 mzee anayefikisha miaka 70 analipwa pensheni jamii, na ukitaka kupanga bajeti ya namna hiyo huku nusu ya wazee umri wao umekisiwa, utapanga hewa.

Tulifundishwa kutembea na kalenda ya matukio. Huulizi "umezaliwa lini", unauliza ulikuwa na umri gani lilipotokea jambo fulani, kisha unatafuta jambo la pili la kulibana la kwanza. Uhuru, Desemba 1961. Azimio la Arusha, 1967. Operesheni Vijiji, 1974. Vita vya Kagera, 1978. Kwa huko kusini kwenu kuna moja tamu sana, mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, matrekta yakibomoa pori la Nachingwea.

Kwenye barua yako ndefu umeandika kwamba bibi husema mama yake alimzaa "Wazungu wa karanga wakiwa bado wanakata miti", na kwamba Uhuru ulipokuja alikuwa amevunja ungo juzi juzi tu. Mbona amekwisha kukujibu? La kwanza linampa 1947 hadi 1951. La pili linasema mwishoni mwa 1961 alikuwa msichana wa miaka 12 hadi 14, kwa hiyo 1951 inaanguka na 1950 inaanguka, imebaki 1947 hadi 1949. Agosti 2022 alikuwa na miaka 72 hadi 75. Andika 74 kwenye daftari lako, na pembeni andika ulivyoipata.

Na umpe shikamoo yangu. Kwa hesabu hii ananizidi miaka 12 tu.